Naangalia Tu

Duka letu liko Mtaa wa Rufiji,
kati ya muuza nyavu na fundi wa miwani.
Jirani anauza uzi wa kuvulia,
mimi nauza uzi wa kupigia.
Mara mbili tatu kwa mwezi mtu hukosea mlango:
"Dada, huu unamudu sangara?"
Humjibu: inategemea mkono.

Asubuhi ni vumbi, kisha magitaa.
Unyevu wa ziwa huyalegeza usiku kucha
bila idhini ya Bwana Rwechungura,
nami huyakaza moja moja, sikio limelala juu ya mbao.
Sijasomea muziki. Nilisomea ugavi, Nyegezi, nusu.
Sikio limejifunza lenyewe
kama mtoto wa muuza maandazi anavyoujua moto.

Saa nane wanafunzi wanatoka shule.
Wanabonyeza kile kitufe chekundu
na kinanda kinajipiga chenyewe,
wimbo ule ule wa kiwandani,
mara thelathini, arobaini.
Mume wangu anasema huuimba usingizini.

Umeme ukikatika, mteja anafunga pochi:
"Nitajuaje kama kinalia?"
Spika inarudi kutoka harusini Igoma
ina punje za pilau kwenye tundu la waya.
"Ilikuja hivi hivi," anasema, hana hata haya,
na mwisho wa mwezi pilau hiyo
nailipia mimi.

Lakini kuna siku ile ya kwaya.
Walishuka kivukoni wanane, kutoka Ukerewe,
na kopo la maziwa ya unga limejaa sarafu.
Mama Bahitwa, mweka hazina, akazipanga juu ya kioo
kumi kumi, taratibu,
mpaka tajiri akaanza kuitazama saa.
Ikapungua elfu kumi na mbili.
Wakatoka nje. Wakarudi imetimia.
Mmoja wao aliingia na saa mkononi,
mara ya pili aliingia bila.
Wakakijaribu kinanda kwa ubeti mmoja tu,
besi ikitoka kwa mzee mwenye gamba la samaki kolani,
na yule bwana aliyekuja kugombana kuhusu maiki
akasahau alichojia.
Siku hiyo sikula mchana, wala sikuona njaa.

Na kuna Shija.
Anaosha magari kule Mirongo.
Kila Alhamisi huja, mikono imesuguliwa hadi viwikoni,
anasimama mlangoni: "Naangalia tu."
Kisha anashusha lile la kahawia, ndoano ya tatu.
Hapigi wimbo.
Anagonga ubao, anavuta uzi mmoja, anasubiri,
anatafuta kitu alichokisikia Magu,
majembe yakigongana juu ya tuta.
Tajiri hukohoa. Mimi hujifanya natafuta risiti.

Jumanne akaja bwana wa hoteli, Capri Point.
Alitaka gitaa la ukutani.
"Si lazima lilie," alisema, "lining'inie vizuri."
Akanyoosha kidole kwenye la kahawia.
Nikamwambia lipo jingine, linang'aa zaidi.
Nilimwambia kweli.
Mara moja.
Halafu nikakumbuka asilimia tatu yangu,
na mwenye nyumba,
nikalifunga kwa mikono yangu, gundi kila kona.

Alhamisi nilikuwa nahesabu vidonoo
nilivyokwisha kuvihesabu.
Mikono yake ilikuwa bado mibichi.
Aliitazama ndoano muda mrefu
kuliko alivyowahi kulitazama gitaa.
"Naangalia tu," akasema,
ingawa hakuna aliyemuuliza.

Kisha: "Uzi wa kwanza, ule mwembamba, bei gani?"
Elfu moja na mia tano.
Akatoa noti iliyolowa, na sarafu.
"Utaufunga wapi, Shija?"
"Nitaanza na huu."

Nikamwandikia risiti.
Penye jina la bidhaa mkono uliandika gitaa.
Nikakata. Nikaandika uzi, 1.